Serwaa na Mchi wa Fufu

Dufie, uko? Nimetoka kwa dada Serwaa, nina hasira!

Si Jumanne walimtoa uvimbe kwenye kizazi? Kwa matundu madogo na kamera, bila kupasua tumbo. Leo mama mkwe kamkabidhi mchi atwange fufu, mihogo na ndizi za kuchemsha mpaka zilainike kama ugali. Siku ya nne, Dufie! Mchi!

Serwaa akasema, "Mama, daktari amekataza kazi nzito wiki sita."

Yule mama akamfunua kitenge mbele ya wageni. "Njooni muone! Operesheni gani hii? Mimi nilipasuliwa tumbo zima. Huyu kakwaruzwa na paka!"

Kakwaruzwa na paka! Wageni wakacheka. Na Ofori, mume mtu, aliyekaa naye hospitali, naye akacheka!

Serwaa hakulia. Alimpigia daktari, akaweka spika, akamweleza habari ya mchi. Daktari akafoka: "Nje ni vitundu, lakini ndani nimekata na kushona kizazi. Atwange nani?"

Ofori akainamisha kichwa.

Unajua mama mkwe alisema nini? "Haya, basi asonge banku." Ugali wa unga mchachu, mwiko mzito vilevile!

Serwaa akavaa viatu. Ofori akauliza, "Unakwenda wapi?" Akamjibu, "Kupona."

Nimekuja naye, yuko kwetu sasa, kalala kitandani kwangu.