Jogoo Mkavu, Mshenga Kalowa

Mama Hamisi,

Kaka yako huyo hana haya! Siku mbili tumetembea na mvua kutoka Ruangwa, natetemeka, najipa moyo kwamba kanzu na blanketi langu ni makavu ndani ya sanduku la bati alilobeba yeye. Tumefika Mtua kwa wazee wa binti anayemtaka, nafungua sanduku nibadili nguo, akaruka jogoo wa zawadi! Nguo zangu kazitia kwenye tenga la jogoo, zinachuruzika maji. Mimi, mshenga mzima, nimeposa nimejifunga kanga ya mama wa binti! Nao wamekubali: "Anayetunza jogoo hivi, mke atamtunza."

Mungu akukinge na mvua, mke wangu. Huku anayekingwa ni jogoo.

Baba Hamisi