Kiti cha Mkubwa wa Maseneta

Papa mpenzi,

Jumapili iliyopita, watu wakitoka ibadani, mama mmoja wa kanisa letu la Rosettenville alinishika mkono akanivuta kando ya ukuta. Alitazama huku na huku kwanza, kisha akaninong'oneza: "Solange, usijifanye hujui. Aliyemlisha baba yako sumu ni Félicien. Alikitaka kile kiti."

Si wa kwanza kuniambia. Tangu tukuzike, neno hilo limenifuata saluni, dukani, mpaka kwenye simu zinazotoka Lubumbashi. Na juzi Papa Félicien mwenyewe alikuja kugonga mlango wangu. Kwa hiyo nakuandikia wewe, Papa, lakini nakuandikia hadharani, ili kila mwenye neno ajue nilichokiona kwa macho yangu na nisichokiona.

Unakumbuka ulivyofika hapa Johannesburg kutibiwa moyo? Ilikuwa katikati ya baridi. Ulitokea pale uwanja wa ndege na kofia yako ya kahawia na makoti mawili, moja juu ya jingine, na neno lako la kwanza halikuwa salamu. "Batu ba huku banaishi namna gani na hii baridi?" Mjukuu wako Naledi akacheka, akakuita Mkhulu, babu, kwa Kizulu. Tangu siku hiyo yeye alikusemesha Kizulu na Kiingereza, wewe ukamjibu Kiswahili, kila mtu akashika nusu ya maneno ya mwenzake, na mkasikilizana kuliko mimi na nyinyi wote wawili.

Jumamosi ulipenda kukaa barazani, blanketi magotini, ukisikiliza kelele za uwanja wa mbio za farasi wa Turffontein. Nilikueleza kwamba mara nyingine farasi hupangwa kwa umri, wadogo hawashindani na wakubwa. Ulipiga goti lako kwa kiganja. "Muzuri! Hapa banajua heshima."

Nilicheka, lakini nilijua neno hilo linatoka wapi. Nyumbani kwetu Likasi nyama iligawanywa kwa kuzaliwa. Baba Mkubwa, kaka yako, alichukua kwanza, wewe ulingoja. Hata ulipokuwa mwalimu mkuu, mtu ambaye mji mzima ulimvulia kofia, Baba Mkubwa akiingia ulimwachia kiti chako na kukaa kwenye kigoda karibu na sisi watoto. Halafu ukaingia Seneti kule Kinshasa, tayari una mvi, ukakuta huko ukubwa unahesabiwa kwa namna nyingine. Watu wa umri wa watoto wako walikuwa wakubwa zako kwa sababu walitangulia kuingia. Walikuweka safu ya nyuma. Walikupa nafasi ya kusema wenzako wakiwa tayari wanakusanya mikoba yao. Ulinipigia simu siku moja, sauti yako imeshuka: "Solange, nimezeeka, na bado niko mudogo."

Sentensi hiyo nimeishi nayo miaka.

Ndiyo maana nilielewa uso wako ile asubuhi jikoni kwangu. Ulikuwa umechaguliwa tena, na simu ilitoka Kinshasa kwa Honorable Trésor, seneta kijana wa mkoa wetu. Wazee waliokuzidi umri, wengine wamefariki, wengine wameshindwa uchaguzi. Mkubwa wa kuzaliwa katika Seneti yote sasa ulikuwa wewe. Na kwa desturi ya Seneti yetu, baada ya uchaguzi, kabla maseneta hawajamchagua rais wao, kikao cha kufungua kinaongozwa na yule mwenye umri mkubwa kuliko wote, doyen, na pembeni yake wanakaa wawili wenye umri mdogo kuliko wote. Mmoja wa wadogo hao alikuwa Trésor.

Uliweka simu mezani polepole. Uliomba chai, na nilipokuletea niliona mgongo wako umenyooka.

Kuanzia hapo simu hazikukatika. Watu ambao hawakuwahi kuuliza moyo wako unaendeleaje, sasa walitaka kujua unapumua vipi, umekula nini, daktari amesema nini. Nilianza kuwasikiliza kwa sikio la pili. Na niliyemsikiliza zaidi alikuwa rafiki yako, Papa Félicien.

Nyinyi wawili mlikua mtaa mmoja. Ulinisimulia tangu nikiwa mdogo jinsi mama yake alivyocheza ngoma ulipozaliwa wewe, naye akiwa na mimba ya Félicien. Kwa hiyo nani mkubwa, nani mdogo, haikuwa na ubishi. Lakini Seneti yeye alikutangulia kwa miaka mingi. Na baada yako, kwa umri, aliyefuata ni yeye. Usipokwenda wewe, kiti ni chake. Na kila asubuhi ni yeye aliyepiga simu kusema, "Pumzika, ndugu yangu. Usikimbilie Kinshasa. Kinshasa haihami." Uliweka simu kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yako, nami nikiosha vyombo nilijiuliza: mbona huyu ndiye anayesisitiza kuliko wote?

Kisha ikaja siku ya daktari. Nayasema haya wazi leo kwa sababu tuliokuwa mle chumbani ni watu watatu tu. Alituonyesha picha ya moyo wako, akaeleza kwa Kiingereza, nami nikakutafsiria. Alisema usipande ndege sasa. Alisema kukaa saa nyingi kwenye mabishano kunaweza kuusimamisha moyo huo ghafla, hata usingizini. Sikulainisha neno hata moja, Papa. Uliniomba nirudie pale mwisho, nikarudia. Ukaniambia nimshukuru, ukavaa kofia yako.

Tulisimama na gari kwenye robot, taa za barabarani zikiwa nyekundu. Ndipo ukauliza, "Ule docteur eko na miaka ngapi?"

"Labda arobaini, Papa."

Ukageuka kutazama nje. "Mutoto," ukasema.

Wiki hiyohiyo Trésor akaja kutoka Kinshasa, viatu vinang'aa, mikono imejaa matunda. Alipiga magoti sebuleni kwangu akitaka umbariki. "Papa Doyen, kila kitu tayari. Kiti cha magurudumu kipo, nesi atakuwa pembeni yako ndani ya ndege. Wewe utakaa tu. Makaratasi yote, sisi watoto tutayashughulikia."

"Makaratasi gani?" nikauliza.

"Ah, Mama Solange, formalité, taratibu tu."

Nilimsindikiza mpaka getini. Nikamuuliza, "Baba yangu akianguka kwenye hicho kiti, itakuwaje?" Alibonyeza ufunguo, gari likalia. "Mungu ni mwema, Mama," akasema, akaondoka.

Mzee aliyechoka, Papa, na kijana wa kumshikia makaratasi. Nilisimama pale getini nikaona mchezo wote. Au nilidhani nimeuona.

Siku chache baadaye Papa Félicien naye akatokea, bila taarifa, na mfuko wa samaki wakavu kutoka Kasenga. Nilimpokea, nikamwita Papa, nikamletea maji ya kunawa. Samaki sikuwapika. Nilipika kuku. Ulipouliza wako wapi, nilisema wataliwa kesho, nawe ukanitazama.

Baada ya chakula akaanza wimbo wake. "Solange, mwambie baba yako asiende. Ule moyo hauwezi."

Nilikuwa nimechoka kuwa mwana mwenye adabu. "Papa Félicien, asipokwenda yeye, nani atakaa pale?"

Uliweka kikombe chini.

"Mimi," akajibu.

"Basi."

"Basi nini, mwanangu? Unafikiri nitakudanganya? Kile kiti nakitaka. Nimekaa mule ndani miaka mingi, nimewaona wajinga wangapi wakikikalia. Nakitaka sana. Lakini mimi kukitaka hakuponyeshi moyo wa baba yako. Bado ni mugonjwa."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu anikubalie shuku yangu usoni na bado awe amesema kweli.

Ndipo ukacheka, Papa, kile kicheko chako cha kikohozi. "Muache mutoto. Amekuona vizuri. Na Trésor pia nimemuona: anatafuta muzee wa kusinzia. Bote nabajua." Ukanigeukia. "Lakini na miye nakitaka, Solange. Siku moja tu. Hata siku moja."

"Na mimi je?" nikasema. "Mimi sitaki kiti. Nataka baba."

Uliinamisha kichwa. Ulichoniambia mwisho wake ni kwamba shati jeupe linahitaji pasi. Nikaenda kulipiga pasi, kisha nikakusindikiza mpaka uwanja wa ndege.

Kikao nilikitazama kwenye simu, katika chumba cha walimu pale chuoni Braamfontein ninapofundisha Kifaransa. Mwenzangu mmoja, mtu wa Soweto, aliinama juu ya bega langu. "Eish, yule ndiye mzazi wako? Mbona amekaa kama mfalme!" Kweli ulikaa hivyo. Nilimwona Trésor, kushoto kwako, akikusogezea karatasi na kukunong'oneza. Nilimwona akikusogezea tena. Ukaigeuza ile karatasi, maandishi chini, ukavuta kipaza sauti, ukasema kwa Kiswahili cha kwetu, "Kijana, leo mukubwa hapa ni miye." Ukumbi ukaangua kicheko. Félicien, safu ya mbele, alipiga makofi mpaka akasimama. Halafu ukaanza kuwapa nafasi ya kusema waliokaa nyuma kabisa, mmoja mmoja, bila haraka, mpaka wale wa mbele wakaanza kutazama saa zao.

Nililia pale, Papa, na mwenzangu akanipa karatasi ya tishu bila kuniuliza.

Hukukaa siku moja tu. Ulikaa mpaka wakamchagua rais wao ukamkabidhi nyundo ya kuongozea kikao. Jioni hiyo Félicien alikualika kwake, mkala wawili tu. Ulinipigia simu ukiwa umeshiba. Ulisema samaki wake ni watamu, kwamba ningewapika wale wengine nisingejuta. Ulicheka. Asubuhi yake hukuamka.

Hapo ndipo watu walipoanzia. Mlo wa wawili, mmoja amekufa, na aliyebaki sasa ndiye mkubwa wa Seneti. Na sisi watoto wako tuliokimbilia Kinshasa tukiwa tumechanganyikiwa, tukakubaliana na wajomba kwamba usipasuliwe kuchunguzwa, uzikwe mapema. Hata mimi, nikikurushia udongo, nilimtafuta Félicien katikati ya watu nimsome uso. Alikuwa amefunika macho kwa leso. Sikuweza kusoma kitu.

Basi juzi amekuja. Amekonda, suruali inamning'inia. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mgeni asiye na hakika ya kukaribishwa, akasema moja kwa moja: "Sema mbele ya watu kwamba sikumuua baba yako. Wewe wakikusikia wataamini."

"Kwa nini sasa?"

"Wameanza kusema kwamba siku kikifunguliwa kikao kingine, nikiwa hai, mtu kama mimi hafai kukikalia kile kiti."

"Kumbe bado ni kiti."

"Ndiyo. Bado nakitaka. Na baba yako namlilia. Yote mawili yako ndani ya tumbo moja, Solange, ufanye nini nayo?"

Kisha akasema ana njaa.

Nilisonga bukari, ule ugali wetu, nikapasha moto sombe ya majani ya muhogo. Unajua desturi: penye shuku, mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone. Nilileta sahani, nikachukua kijiko nionje. Alikuwa ameshakata tonge. Alikula bila kunitazama mkono, bila kuuliza kitu, mzee anayeitwa mlisha sumu, mezani kwa binti wa marehemu. Katikati ya chakula akasita, mkono ukiwa ndani ya sahani.

"Mule ndani hakuna tena aliyezaliwa mbele yangu," akasema. "Nilifikiri nitafurahi."

Akaendelea kula. Nikavuta kiti, nikanawa, nikala naye sahani moja.

Kwa hiyo ushahidi wangu ni huu, na hautamridhisha mtu. Kilichokuwa kwenye sahani ya Kinshasa sikukiona, na sitaapa juu ya nisichokiona, si kwa ajili ya Félicien wala kwa ajili ya wanaomsema. Nilimwona daktari. Niliyatafsiri maneno yake na ukayasikia mara mbili. Nilimsikia Trésor akikuambia nenda, na Félicien akikuambia baki, kila mmoja na lake moyoni. Bado nashuku, Papa. Nashuku matunda, nashuku machozi, nashuku magoti yanayopigwa sebuleni. Lakini nikiwapanga wote mbele yangu na kuwatazama mmoja mmoja, ninayemwona akipanda ngazi za ile ndege kwa miguu yake mwenyewe, akikataa kiti cha magurudumu, ni wewe.

Hilo sijalisamehe bado. Nipe muda. Lala, Papa, huku nje nitawajibu mimi.

Binti yako mkubwa,
Solange