Mlango wa Mnara wa Chumvi

Jumapili, 3 Novemba 2002

Leo nimeua majoka mawili, nimemtapeli mfalme taji lake, na bado nimeiwahi supu ya mama ingali moto. Mji mzima wa Ostrava hakuna mwanaume kama mimi, Luboš! Eti shule ilinishinda. Wapi! Niliichosha mpaka ikanitimua.

Majoka yenyewe ni ya mchezo wa mezani, jikoni kwa Otakar. Zamani alichimba makaa, sasa mgodi umefungwa, analinda ghala. Yeye ndiye msimulizi. Anatusimulia nchi isiyokuwepo, sisi tunamwambia tunafanya nini humo, dadu linaamua. Hynek, mtoto wa mwoka mikate, ni shujaa wa shoka — na mikate ya kutafuna analeta yeye. Zdislava ni mchawi. Mimi mwizi. Ningekuwa nani mwingine?

Miaka mitatu tunamsaka aliyezima jua la nchi ile. Leo tumefika Mnara wa Chumvi. Umebaki mlango tu. Ufunguo ninao mimi — niliuiba kwa ulimi, wala dadu halikuguswa!

Otakar anakohoa. Sauti kama msumeno. Nikamwambia, mzee, joka limekukwama kooni? Wote wakacheka. Yeye pia, kidogo.

Jumanne, 5 Novemba

Mjomba kaniletea kompyuta ya mtumba kutoka Ujerumani. Na ndani yake mchezo — upanga, pango, mazimwi, vyote! Vile vya Otakar, ila hivi unaviona. Damu nyekundu kabisa. Nimekufa mara kumi na moja na sina hata mkwaruzo. Ukifa unarudi pale ulipohifadhi. Basi. Nani anataka dadu tena?

Alhamisi, 7 Novemba

Nimebishana na Zdislava kituo cha tramu. Nikamwambia kompyuta haikohoi, haichoki, haiendi kazini, na dunia yake inanisubiri nilipoiacha, hata mwaka. Akasema, mwulize punda wa humo jina lake basi.

Nimejaribu. Punda hasemi. Hata mwenye nyumba ya wageni ana majibu matatu tu, nichague moja. Kwa Otakar nilimwuliza punda jina, punda akanitajia, akanilalamikia hata kuhusu mke wake. Tulicheka mpaka Hynek akamwaga chai.

Lakini sitamwambia Zdislava. Atavimba kichwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Hynek kanifuata kazini gereji, unga bado nyusini. Hakutania. Jumanne Otakar anapasuliwa koo. Wanatoa kila kitu, na sauti. Hataongea tena.

Nikasema, acha zako.

Akasema, kweli, mwanangu. Kesho saa nane ndiyo mara ya mwisho kucheza. Anataka kuufungua ule mlango kwa mdomo wake mwenyewe. Tangu jana haongei hata na mkewe, anaitunza sauti. Na sheria ya meza unaijua — mmoja akikosekana, hatuanzi.

Kuijua naijua. Niliitunga mimi, nilipokuwa na tetekuwanga, ili wasiniache nyuma!

Nikamwambia, nitafika kabla yako wewe tumbo.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda. Nilikuwa chini kabisa ya pango, na mle mchezo haukubali kuhifadhi. Ukitoka umepoteza yote. Simu ikalia, nikamwambia mama aseme nina homa. Ikalia tena. Na tena.

Wataanza tu bila mimi. Sheria gani hiyo, ya watoto.

Jumanne, 12 Novemba

Wamempasua. Amepona, anasema mama.

Hawakuanza.

Jumapili, 17 Novemba

Hospitali. Nimekaa koridoni, daftari gotini. Nimewaaga kwamba naenda chooni.

Otakar amekonda. Shingoni kitambaa cheupe, na chini yake tundu, pumzi inapita pale. Kaniona, kaniinulia mkono. Zdislava akaniuliza, homa imepona? Nikasema ilikuwa kali. Akasema, sisi tulikaa mpaka taa za barabarani zikawaka. Kila lifti ya jengo ikisimama, Otakar anajikohoza, anajiweka sawa kitini, akijua ni wewe. Kisha mlango wa jirani unafunguka.

Mkewe akasema kwamba yule aliyezima jua, aliyekaa ndani ya mnara, alikuwa na sauti ya peke yake. Otakar aliifanyia mazoezi bafuni wiki nzima kabla ya kuanza kunyamaza, bomba likiwa wazi ili asisikike. Hata yeye mkewe hakuisikia vizuri.

Hynek, kwa upole wake, akamwambia, tuandikie basi, kaka, alikuwa nani? Otakar akatikisa kichwa. Akachukua kibao chake cha kuandikia, akaandika yale anayoanzia siku zote: Mlango uko mbele yenu. Mnafanya nini?

Akaweka dadu juu ya shuka. Wote wakanigeukia mimi. Ufunguo ninao mimi.

Na mimi mwenye ulimi! Niliyemtapeli mfalme! Nilisimama pale kama yule mwenye nyumba ya wageni, sina hata yale majibu matatu.

Nikasema, chooni.

Lile pango nililoandika Jumapili ni uongo. Nilitoka pangoni saa saba na nusu. Nikahifadhi vizuri. Kwa Otakar ni vituo viwili tu vya tramu. Nilivaa koti, nikavaa na viatu. Halafu nikakaa mbele ya kioo cha kompyuta, mchezo umesimama, sigusi kitu, simu inalia. Nilidhani nisipofika hawataanza, na wasipoanza haitaisha. Mlango utabaki umefungwa, sisi tutabaki nje yake, Otakar na sauti yake. Na Jumanne haitafika.

Nilijua watanisubiri. Hiyo ndiyo. Nilijua, na nikakaa.

Hynek katoa kichwa mlangoni. Anasema, we Luboš, mzee anauliza, unaingia?