Rampu Niliyomchorea Kaka Yangu

Jumapili. Bungoma imejaa mawingu tangu asubuhi lakini mvua haijanyesha. Bado nimevaa nguo za kanisani. Naandika kabla furaha haijapoa.

Niseme ukweli kwanza. Muhula huu karibu niache kozi ya ujenzi. Chuoni Kitale tumeanza programu ya kuchora kwa kompyuta, na mimi niliyekuwa nasifiwa kwa penseli na rula nikajikuta wa mwisho darasani. Wiki ya kwanza nilichora chumba cha kulala chenye upana wa milimita tatu. Nilidhani nimeandika mita. Mwalimu alikionyesha kwenye skrini ya mbele, darasa likacheka, nami nikacheka nao. Nilipofika chumbani kwangu, mtaani Kibomet, nililia.

Nyumbani sikumwambia mtu.

Kisha Mama akanipigia simu kuniambia kwamba kanisa letu litamjengea Wafula rampu mlangoni, njia ya mteremko badala ya ngazi. Wafula ni kaka yangu mkubwa. Alianguka kutoka juu ya paa akiwa kazini, na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu. Mlango wa kanisa una ngazi nne, na kila Jumapili wanaume wanne walikuwa wakimbeba juujuu kama kabati. Aliwashukuru kila mara, lakini niliona anavyokaza taya. Tangu Pasaka alikuwa ameacha kuja.

Nilipokuja wikendi nilimkuta fundi, Mzee Simiyu, ameshapigilia vigingi. Rampu ya mita mbili tu. Nilimwambia kwa heshima kwamba itakuwa kali mno, Wafula hataipanda peke yake. Akanijibu kwamba alianza kujenga kabla sijazaliwa, na watu wa kumsukuma hawatakosekana.

Hilo la kusukumwa ndilo lililonichoma.

Mama alimwomba angoje wiki moja. Nikachukua tepu, nikapima kila kitu, hata kiti cha Wafula, nikarudi Kitale na vipimo kwenye daftari. Kimo cha ngazi ni sentimita sitini. Tulifundishwa kwamba kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za urefu. Nilihitaji zaidi ya mita saba, na kutoka mlangoni hadi kwenye uzio kuna mita tano tu. Kwa hiyo niliikunja rampu katikati, nikaweka pahali tambarare pa kugeuzia kiti. Nilifuta, nikachora, nikafuta tena. Siku ya tatu vidole viliacha kutafuta vitufe.

Mwalimu yule yule alisimama nyuma yangu akauliza ni kazi ya nani. Nikasema ni ya kaka yangu. Akanionyesha namna ya kuuzungusha mchoro ili rampu ionekane kama imeshajengwa, kisha akaniachia kipanya.

Wikendi iliyofuata nilimpa Mzee Simiyu mchoro uliochapishwa, akaufuata kwa kidole.

“Hapa kwa kona, kiti kitageuka kweli?”

“Kitageuka, mzee. Nimepima kiti chenyewe.”

Alienda akang'oa vigingi vyake.

Leo Wafula alifika chini ya rampu iliyokamilika, na wanaume wawili wakamsogelea kama walivyozoea.

“Niacheni kwanza,” akawaambia.

Akasukuma magurudumu. Kwenye kona alisimama. Akageuka. Akapanda sehemu iliyobaki, akaingia mlangoni bila kuangalia nyuma. Hakuna aliyepiga makofi. Mama aliinamia mkoba wake akatafuta kitu kwa muda mrefu, na najua hakukuwa na kitu cha kutafuta.

Najivunia. Nimeandika hapa mara nyingi nilipojidharau, basi na hili niliandike.

Baada ya ibada Wafula aliteremka na kupanda mara mbili zaidi, ati anapima kona. Wakati wa chakula akaniuliza kama hiyo programu inaweza kuchora choo. Katika cha nyumbani haingii bila kusaidiwa. Hajawahi kulitaja, na mimi sijawahi kuuliza.

Kesho narudi Kitale. Nimeshapima: ili kiti kipite, mlango wa choo umepungukiwa sentimita kumi na moja.