Ile Koti, Utupe

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa sita

Daftari yangu, salamu katika jina la Bwana. Uko muzima? Panya hazijakula pembe zako bado? Mimi niko muzima, isipokuwa goti ya kushoto. Na hasira kidogo.

Asubuhi nimegeuza maharagwe juani, kisha nimerudi kupanga vitu. Mafungu tatu juu ya mukeka: ya kwenda, ya kugawa, ya kutupa. Baraka, mutoto wangu, amenipatia chumba Biharwe, kwenye kiwanja anapokaa na muke wake. Gari itakuja Jumamosi. Anasema goti hii haiwezi tena shamba. Ni kweli. Lakini leo kwa simu ameongeza: "Mama, sanduku moja tu. Chumba ni kidogo."

Miaka yote hii kwenye kambi ya wakimbizi Nakivale, sanduku moja. Yeye alihama na mukoba mumoja, kwa sababu vitu vyake vyote viliachwa kwangu. Ripoti za shule. Kiatu chake cha kwanza, kimoja, kingine kilibaki njiani tulipokimbia.

Jembe imelika mpaka imekuwa kama ulimi. Kutupa. Nimeirudisha. Nimeitupa tena. Kitenge ya kwaya, kwenda. Sufuria kubwa, kugawa. Foto ya arusi imeingia maji: mimi naonekana muzuri, mume wangu amebaki doa na tai. Kwenda.

Koti ya kahawia ya mume wangu iliingia sandukuni mbele ya vyote. Hiyo haina fungu.

Jumanne, tarehe 10

Mesaji imeingia nikiwa napepeta. Ya Nyota, dada ya marehemu mume wangu, anakaa Mbarara, karibu na Biharwe. Nainakili hapa yote, nisije kusema nimeota:

"Wifi, Bwana asifiwe. Nasikia unahamia Biharwe, karibu sana. Ile koti ya kaka, utupe. Nitapita Ijumaa."

Nimesoma mara tatu. Nitupe. Koti ya kaka yake. Na atapita Ijumaa kuangalia kama nimetii.

Huyu hakuja kwenye maziko. Mwaka wa tatu sasa. Alisema alikuwa hospitali, amepasuliwa. Sawa. Lakini batu banatoka hospitali. Hakuosha hata sahani moja ya matanga. Leo ndiye ananipangia uchafu wa nyumba yangu. Labda anaona aibu, niingie mujini kwao na vitu vya kambi, batu baseme ona wifi ya Nyota na makoti ya zamani.

Sikumujibu. Nimepepeta mpaka maharagwe mazuri yameruka na makapi. Kuku zimefurahi.

Jumatano, tarehe 11

Nimeomba. Haikusaidia. Nilianza na "Baba, nakushukuru" nikamaliza na jina la Nyota, na sikuwa namuombea.

Bamama wa kwaya bamekuja kuchukua fungu ya kugawa. Mumoja aliuliza, "Mama Baraka, na hii sanduku?" Nikamuambia kama anataka na ngozi yangu, aichune. Bamebeba sufuria polepole kama batu banaobeba mugonjwa. Nitabaomba musamaha. Si leo.

Nimempigia Baraka, nikamuuliza Nyota alijuaje habari ya koti. Akasema ni yeye alimuambia, mwezi jana, walikuwa wanaongea tu. "Kwani ni siri, mama?"

Nilikata simu.

Daftari, wewe husemi kwa mutu, nitakuambia. Ni siri. Kwetu, siku ya kuondoa matanga, nguo za marehemu zinatolewa kwenye mukeka, ndugu zake banagawana. Ndugu kwanza, mujane nyuma. Shati zilitoka. Suruali zilitoka. Viatu pia. Koti nilikuwa nimeifukia ndani ya gunia ya maharagwe. Muzee mumoja wa ukoo aliuliza: ile koti aliyokuwa anavaa mulangoni pa kanisa, akikaribisha batu, iko wapi? Nikaangalia chini. Bakazani ni huzuni.

Ningefanya nini? Foto imemumeza uso. Koti bado iko na mabega yake.

Lakini iliyofichwa ni iliyofichwa. Najua hiyo, na kujua kunanipandisha hasira zaidi.

Alhamisi, tarehe 12

Nimetupa.

Niliitoa sandukuni saa nne ya asubuhi, nikapita nyuma ya migomba mpaka kwenye jalala, nikaiweka juu ya maganda ya muhogo. Nilisema kwa sauti: "Haya, Nyota, furahi." Kisha nikamuandikia: "Nimetupa kama ulivyosema." Hakujibu.

Nilizani moyo utapoa. Haukupoa. Sanduku sasa iko na nafasi mingi na sijui niweke nini.

Ijumaa, tarehe 13

Nyota amefika saa tano, vumbi ya barabara mpaka kwenye nyusi. Mukononi kitenge mupya, imepigwa pasi, imekunjwa. Nikasema moyoni, amekuja kuniringia. Kiti nilimpa. Maji sikumpa.

"Wifi, hata maji?"

"Umekuja kunywa ao kukagua?"

"Kukagua nini? Nimekuja kubeba koti. Hata kitenge ya kuifungia, hii hapa."

"Koti nilitupa. Si uliniandikia nitupe? Na nilikujibu."

Akacheka kwanza. Alizani ni mchezo. "Simu yangu imekufa tangu juzi, sikuona jibu. Na nilisema utupe. U-tu-pe. Sisi. Mimi na batoto bangu. Wifi, nani duniani anamuambia mujane atupe koti ya mume wake?"

Nimesoma shule ya musingi yote. Kila Siku ya Mungu nasimama mbele ya batu nasoma Maandiko. Neno moja limenishinda kwa sababu nilitaka linishinde. Nilikuwa natafuta sababu ya kumukasirikia kabla yeye hajanikasirikia.

Tulienda jalala, mimi nachechemea, yeye mbele. Maganda iko. Jembe yangu iko. Koti hapana.

Muzee Silivesta, jirani wetu Murundi anayepeleka ndizi sokoni Kaberebere na baiskeli, alikuwa anatengeneza cheni mbele ya nyumba yake. Amevaa koti. Bila mikono. Alikuwa amekata yote miwili. Mumoja ameuzungusha kwenye kiti ya nyuma, ndizi zisichubuke. Mwingine ulianguka njiani, hajui fasi gani.

"Muzee, hiyo koti ni yetu," Nyota akasema.

"Mama, kwenye jalala koti haina jina."

"Iko nalo. Ni ya kaka yangu."

"Ninyi Bakongomani. Munatupa leo, munalilia kesho." Lakini akaniangalia mimi, akaacha kucheka. Alimujua mume wangu. Alikaribishwa mara mingi kwenye ule mulango, hata kama yeye si wa kanisa letu. Akavua. "Ilikuwa inanikaa muzuri. Leo hata mwenyekiti amenisalimia kwanza." Akafungua na ule mukono kwenye baiskeli, mweusi kwa mafuta, akanipa mimi. Koti akampa Nyota. Akarudi kwenye cheni yake.

Njiani nikamuambia Nyota mambo ya gunia. Sikupanga kumuambia. Ilitoka. Nilimuambia yote, mpaka yule muzee wa ukoo na mimi kuangalia chini.

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alisimama, akasema, "Miaka tatu nilizani kaka hakuniachia hata kifungo. Nilizani ilizikwa naye." Akafunga koti ndani ya kitenge yake, akaita boda. Hakula. Hakuaga. Maji sikuwa nimempa mpaka anaondoka.

Hasira iko bado, daftari. Imegeuka tu upande wa kuangalia.

Jumamosi, tarehe 14

Gari imekuja saa mbili. Sanduku moja, Baraka ameibeba kwa mukono mumoja, akasema, "Mama, mbona nyepesi?" Nikamuambia anyamaze aendeshe. Kumbe si yeye dereva.

Nilipita kwa bamama wa kwaya. Nimeomba musamaha. Bameimba kidogo. Yule wa sanduku amenirudishia sufuria. Nimekataa, nimemukumbatia.

Siku ya Mungu, tarehe 15, Biharwe

Hapa magari ya barabara ya Masaka hayanyamazi. Kanisa ni karibu, nimekaa nyuma. Mulangoni alisimama kijana wa kukaribisha, shati nyeupe. Alinishika mukono kwa mikono miwili.

Mchana nimefua ule mukono wa koti. Sabuni mara nne. Mafuta imetoka, doa imebaki. Nimeuanika kwenye kamba kati ya nguo za mukwe wangu. Upepo ulipoingia ndani, ulinyooka kama unaniita. Nimekaa nikiuangalia mpaka ukakauka.

Nimeandika mesaji hapa kwanza, nisome vizuri mbele ya kutuma. Nimesoma kila neno mara mbili.

"Nyota wifi yangu, Bwana asifiwe. Unaendeleaje, na batoto? Kovu lako la hospitali linauma bado? Sikukuuliza siku ile, wala ulipopasuliwa. Koti ni yako, ilikuwa yako tangu matanga. Mukono mumoja uko kwangu, nimeufua. Sindano niko nayo, uzi wa kahawia nitanunua kesho. Wa pili nitakata kwenye kitenge yangu ya kwaya, kama unakubali. Lete koti, ao niambie nyumba yako, nije mimi na goti yangu. Maji nitakunywa kwako hata kama hunipi. Unijibu upesi."