Neno la Kwanza la Kila Mstari

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi ya Njombe leo haina adabu. Nimechapa na glavu zilizokatwa vidole. Efraimu, bosi wangu, kanicheka, halafu kaona navyohangaika na mausi. Eti mausi ni ya wageni. Akaichomoa! Wiki hii natumia vitufe tu.

u – unarudisha ulichoharibu. dw – neno zima linaondoka. Nimelifuta na kulirudisha neno "parachichi" kama mara ishirini. Kwa nini u? Nani aliamua? Efraimu kasema ni kifupi cha Kiingereza. Sawa, lakini bado nataka kumjua aliyeamua.

Jumanne, 10 Juni

Makro! Unaiambia kompyuta ikutazame, unafanya kazi mara moja, basi, inarudia yenyewe.

Tunayo orodha ya wenye mashamba wa kijijini kwetu, upande wa Yakobi. Mistari 612, ya kutengenezea hati. Mfumo wa hati haupokei Bwana, Bi, Mzee wala Mama, na kila mstari unaanza na mojawapo. Nikarekodi: mwanzo wa mstari, dw, shuka. Kisha 611@a, yaani irudie mara 611. Kufumba na kufumbua – kwisha! Kazi ya siku mbili! Nilipiga ukelele mpaka fundi cherehani wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Nimetuma. Jioni hii wameibandika ofisi ya kijiji watu wahakiki.

Jumatano, 11 Juni

Kaka Filbert kapiga simu kutoka Lyamkena, Makambako, anakouza vipuri. Furaha tele. Kaona picha ya orodha kwenye kundi la WhatsApp la kijiji: shamba la bondeni, Filbert Mligo. Anauliza mama kaamua lini kumpa.

Mama hajampa mtu. Shamba lile alipewa na babu, baba yake mzazi, na kila mparachichi kaupanda kwa mkono wake.

Nikafungua orodha. Mungu wangu. Walioandikisha waliandika watu wanavyoitwa: Mama Filbert Mligo. Makro ikala "Mama", akabaki Filbert Mligo. Nimehesabu – wanawake arobaini na saba wamegeuka watoto wao. Shamba moja sasa ni la mtoto wa darasa la pili!

Efraimu hakufoka. Kasema makro haijakosea, imefanya nilichoifundisha. Imeniuma, maana ni kweli. Nakala ya zamani anayo, lakini nayo ina Mama Filbert tu. Hakuna kitufe cha kurudisha jina ambalo halikuandikwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepiga simu tangu asubuhi. Kila mama alitaje jina lake mwenyewe, ndivyo Efraimu alivyoagiza. Wengine wanauliza: jina lipi, la ubatizo? Mama Elius kasema "Konsolata", akalirudia polepole, akacheka peke yake. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza mara ya mwisho kaitwa hivyo lini. Kwenye msiba wa dada yake, kasema. Dada ndiye aliyekuwa akimwita.

Saa nane Filbert tena. Eti jina niliache kama lilivyo. Shamba litakuja kwake tu, kwa nini najipa kazi? Kosa la kompyuta halina mwenyewe.

Lina mwenyewe, nikamwambia. Ni mimi.

Akakata. Sijawahi kumjibu kaka yangu hivyo. Na bado nina hasira!

Orodha inaondoka kesho saa nne. Arobaini na sita tayari. Umebaki mstari wa 388, wa mama yangu. Jina ninalijua, Paskalina, ningeliandika sasa hivi. Lakini wenzake wote nimewauliza.

Nimempigia. Kamwene, mama, nikamsalimia kikwetu. Nimemweleza yote, makro, orodha, shamba la bondeni. Kasikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza: mama, kwenye hati tuandike jina gani?

Nikamsikia akifukuza kuku, kisha akauliza:

"Kwani Filbert anasemaje?"