Ukuta wa Nyuma na Rupia Sitini

Jumamosi, 10 Mfungo Tano 1326

Fundi Athmani kaondoka. Na mwiko wake, na timazi yake, na watu wake wote! Dari haijapigiliwa chokaa, boriti ziko wazi, naona mbingu nikiwa kitandani. Ataka rupia sitini zaidi. Tulipatana mia na ishirini — ndugu yangu Aidarus alisoma naye Fatiha barazani, basi. Karatasi hapana. Kumwandikisha fundi, alisema Aidarus, ni kumwita mwizi. Nami nikaona kweli.

Jumanne, 13

Aidarus kamwendea. Ati sitini ni za ukuta wa nyuma. Ulikuwa umeoza, haubebi boriti, kaubomoa, kaujenga upya. Nitazitoa wapi? Marehemu mume wangu kaniachia nyumba hii tu. Na hakuna fundi mwingine Kibokoni atakayeigusa kazi ya mwenzake kabla huyo wa kwanza hajaridhika. Nimelia kwa hasira.

Alhamisi, 15

Mvua ya kwanza. Manyunyu tu. Magodoro nimeyasogeza chini ya ngazi. Fundi yuko Kizingo, amjengea Mzungu banda la farasi. Huko wameandikiana, na muhuri juu!

Jumanne, 20

Aidarus na fundi wamekwenda kwa kadhi. Aidarus karudi anacheka. Fundi hana shahidi! Mdai akikosa shahidi, mdaiwa hula yamini. Niape tu kwamba sikumwagiza ukuta ule, deni limekufa, na dari ataimaliza apende asipende. "Umeshinda, dada!"

Siku ile ya ukuta Aidarus hakuwapo. Fundi aliniuliza kutoka uani, nami niko nyuma ya pazia: ukuta umeoza, afanyeje? Nikamwambia, "Fanya uonavyo, ndugu yangu."

Ni adabu tu! Mwanamke wa watu atapaza sauti aulize bei, majirani wasikie? Lakini nilisema. Nilisema.

Jumatatu, 26

Mvua tangu alfajiri. Inaingia kila mahali, hata kabatini.

Nimemweleza Aidarus. Ati hayo si maagizo, ni heshima, niape yaishe. Kwake rahisi, haapi yeye.

Karani wa kadhi yuko chini na Msahafu, kaja kuniapisha. Fundi Athmani naye kaja. Kanisalimu kwa upole kupitia pazia, kauliza hali yangu, kanipa pole ya mvua. Kisha: "Bibi, mimi sina neno. Utakaloapa, n'taridhika nalo."

Afadhali angenitukana!

Nimepanda juu, nimewaambia wangoje, natawadha. Karani ameita mara mbili. Aidarus anagonga mlango. Nimetawadha mara ya tatu sasa.